Kuuza uoshaji wa tangi la maji, parseli kwa parseli, Goma

Ukipiga hodi kwenye parseli (kiwanja cha makazi) mitaa ya Himbi au Katindo ukasema unaosha matangi ya maji, jibu ni moja: «Letu ni safi.» Anayejibu hadanganyi. Robine (koki ya maji) imefungwa sentimita chache juu ya sakafu ya tangi, kwa hiyo kinachotoka ni maji ya juu, na tope linabaki chini likinenepa. Usibishane naye. Beba mpira mwembamba wa mita mbili au tatu na chupa ya plastiki isiyo na rangi. Jaza mpira maji, ziba ncha kwa kidole (kuvuta kwa mdomo kunamfukuza mteja), shusha ncha nyingine hadi sakafuni, achia. Majivu ya volkano ya Nyiragongo, vumbi la mawe meusi, majani yaliyooza: yote yanaingia chupani. Mpe mama mwenye nyumba aishike mwenyewe, kisha nyamaza.

Zamu (mlinzi) wa mlangoni haamui kitu, lakini msalimie vizuri. Ndiye anayejua mama anarudi saa ngapi sokoni. Jumamosi asubuhi, wakati wa salongo (usafi wa pamoja wa mtaa), usijisumbue.

Majira ndiyo yanayouza kuliko mdomo. Tangi likijaa mvua ya Novemba, hakuna atakayekubali umwage lita 1000. Pita mwishoni mwa Agosti, kiangazi kikiisha: tangi limebaki na robo, na mvua inakaribia. Hiyo robo usiitupe. Hamishia maji ya juu kwenye bidoni (madumu) safi za lita 20. Bidoni kumi ni lita 200, na mteja azihesabu pamoja nawe.

Parseli yenye wapangaji wanne na tangi moja ndiyo inayochosha. Kila mmoja anamngoja mwenye parseli. Gawa bei kwa idadi ya nyumba na uipokee yote kabla ya kufungua kifuniko, maana wa nne hulipa «kesho». Dola iliyochanika hata kidogo ikatae palepale, kwa sababu nawe utakataliwa.

Kabla ya kazi, fungua na ufunge robine mteja akiona. Mara nyingi tope ndilo lililokuwa limeziba ufa. Ukiliondoa robine inaanza kudondoka, na lawama ni yako. Tefloni (utepe wa kuzibia maungio ya bomba) isikose mfukoni.

Sugua kwa brashi laini ya mpini mrefu. Mchanga na waya hukwaruza plastiki, na mikwaruzo hushika uchafu upya. Kwa kuua vijidudu, kujaza tangi zima maji ya klorini ni kupoteza maji. Koroga gramu 6 za klorini ya chembe ya asilimia 70 katika bidoni moja ya lita 20, paka kuta zote, ngoja dakika 30, suuza. Chembe ndizo zinazotiwa majini, si maji juu ya chembe, na usizichanganye kamwe na asidi ya kuoshea choo: hewa inayotoka inaua.

Siterni (hifadhi ya maji) iliyochimbwa ardhini usiiingie, hata kwa bei gani. Upande wa magharibi, kuelekea Sake, kuna mazuku: gesi isiyo na harufu, nzito kuliko hewa, inayojikusanya mashimoni. Mshumaa si kipimo cha kutegemea. Kama brashi na ndoo ya kamba havifiki, kazi hiyo iache.

Usiahidi pia kisichowezekana. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano hubeba floridi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, na klorini haiiondoi. Unachoweza kumwonyesha mteja ni kutenga bomba la paa mvua ya kwanza inapoanza. Bati la mita 40 za mraba, milimita moja ya mvua ni lita 40: bidoni mbili za kufulia, kisha ndipo bomba lirudishwe tangini.

Kwenye daftari andika avenue (barabara), namba ya nyumba, ukubwa wa tangi, tarehe, na jina la mtoto mkubwa. Mwaka ujao utaita «Mama Fulani» langoni, si «hodi» tu.