Ploti moja, pini tatu: vile tulipanga ushuru wa kodi ya nyumba sisi ndugu watatu

Mzee alituachia ploti Bamburi, Mombasa, nyumba sita, kila moja 15,000 kwa mwezi. Mirathi ilivutana lakini mwisho wa 2023 taito ikatoka na majina yetu, mimi, kaka mkubwa na mdogo wetu wa kike, kila mtu thuluthi yake. Mimi ndio niko karibu kwa hivyo wapangaji wanalipa kwa simu yangu halafu nagawa.

Ushuru wetu wa kodi ya nyumba ulipoanza Januari 2024, kijana wa saiba akaniambia weka yote kwa pini yako (namba ya mlipa ushuru ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya), hesabu ni ile ile. Na kweli 90,000 kwa asilimia 7.5 (ilikuwa 10, ikashuka mwaka huo) ni 6,750, ukigawa kwa watatu ni 2,250 kila mmoja, jumla haibadiliki. Nikawaambia wenzangu watulie nitamaliza mimi, nikafaili miezi minne hivyo.

Mwezi wa sita mdogo wangu akaenda kuomba mkopo wa sako, akaulizwa mapato ya nyumba yanaonekana wapi. Pini yake haina kitu. Yangu inaonyesha mimi peke yangu ndio landilodi wa ploti nzima. Akanipigia, "Kaka, kwa hizo karatasi mimi sina changu kwa baba." Sikulala hiyo siku wallahi, maana hivyo ndivyo watu wanaanza kushukiana na mali ya urithi.

Nikaenda na taito kuuliza, nikaelezwa kila mwenye jina anatangaza fungu lake kwa pini yake, haijalishi pesa inaingia simu ya nani. Hao wawili wakaongeza wajibu wa ushuru wa kodi ya nyumba kwa iTax, mtandao wa KRA, maana huo wajibu hauji wenyewe, halafu wakafaili ile miezi minne ya nyuma. Faini ya kuchelewa ni 2,000 kwa kila ritani (taarifa ya mapato unayofaili), watu wawili miezi minne, 16,000 ikaenda, bado asilimia 5 ya ushuru uliochelewa na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Hiyo 16,000 nikaitoa kwa fungu langu kwa sababu mimi ndio niliwaambia watulie. Ritani zangu nikaomba kurekebisha kutoka 90,000 hadi 30,000, nikaambatisha taito.

Mahali tulibishana sana ni gharama. Keateka, maji na takataka zinakula 12,000, kwa hivyo kila mtu anapokea 26,000 mkononi na kaka akasema basi natangaza 26,000. Hapana. Huu ushuru unahesabiwa kwa kodi yote kabla ya kutoa chochote, hata kama umebadilisha tangi mwezi huo, kwa hivyo ni 30,000 ukipenda usipende. Kaka ni mwalimu, aliogopa itaongezwa juu ya mshahara apelekwe kiwango cha juu, lakini ukishalipa huu wa kila mwezi umeisha hapo, hauchanganywi na mshahara, ila ritani ya mwaka bado anafaili kufikia tarehe 30 Juni. Kitu kingine angalia fungu lako mwenyewe, huu mpango ni wa mtu mkaazi wa Kenya anayepata zaidi ya 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15, sisi kila mmoja ni 360,000 ndio maana tunaingia.

Sai tarehe 10 natuma kwa grupu yetu ya WhatsApp mpangaji gani amelipa, jumla, na fungu la kila mtu kabla ya gharama na baada. Kila mtu anafaili mwenyewe kabla ya tarehe 20, anatoa slipu ya malipo, analipa kwa peibili ya serikali 222222, anarusha risiti pale pale. Mwezi mmoja nyumba mbili zilikuwa tupu, tukapata 60,000, kila mtu akatangaza 20,000 akalipa 1,500. Mdogo wangu ndio huwa wa kwanza kurusha risiti, na sako walimpa mkopo mwaka uliofuata.