Kanda za Dakika Tisini na Sufuria ya Maharage

Kaseti ya muziki, kanda ya dakika 90, huchukua dakika 90 kuingia kwenye kompyuta. Hakuna njia ya mkato. Utepe lazima upite mbele ya kichwa cha deki kwa mwendo wake wa tangu zamani, chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde, upande wa kwanza dakika 45, ugeuze, dakika 45 nyingine. Mtu mwenye haraka atakata tamaa mapema. Mimi kazi hii naipenda kwa sababu hiyohiyo. Muda huo unatosha kuivisha maharage yaliyolala majini usiku kucha, kuchambua dagaa wa wiki nzima na kuondoa vikonyo vya matembele. Basi Jumapili deki inazunguka sebuleni, waya umeingia kwenye kompyuta, spika ndogo iko dirishani, na mimi niko jikoni na ungo wangu, nasikiliza.

Nimevuka miaka sitini. Watu wa rika langu wakiniona napanda ngazi bila kushika goti huniuliza natumia dawa gani, au unga gani wa kopo. Sina dawa wala unga. Nakula chakula cha Tanga nilichokulia Ngamiani: ugali wa dona au bada, yaani ugali wa muhogo, samaki, dagaa, kunde, kisamvu, mchicha, mlenda, muhogo wa kuchemsha, na machungwa ya Muheza yakiwa kwenye msimu. Kilichobadilika ni vipimo na namna ya kupika, na nimevibadilisha kidogokidogo kwa miaka mingi. Nimeshuhudia wengi wakiacha wanga wote mwezi mmoja kabla ya harusi ya mtoto. Wanapungua kweli, gauni linaingia, harusi inapita, na kabla ya mwaka kwisha uzito umerudi na nyongeza yake. Siwalaumu. Chakula kisichokupendeza huwezi kukila miaka arobaini, na mwili unadai miaka arobaini.

Nichukue nazi, maana ndiyo inayoshtakiwa sana. Wataalamu wanasema mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli, na nawaamini. Lakini kumwambia mtu wa pwani aache nazi ni kumwambia ahame. Mama yangu alikuwa akikuna nazi mbili kwa sufuria moja ya mboga. Mimi nakuna nusu nazi. Nachuja tui zito naliweka pembeni, natia maji ya uvuguvugu kwenye machicha, nachuja la pili, nachuja la tatu. Matembele yanapikwa kwa hilo tui jepesi, na kitunguu, nyanya na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Tui zito linaingia mwisho kabisa, vijiko vitatu hivi, moto ukiwa mdogo, nakoroga bila kuacha lisije likakatika, kisha naepua. Ulimi hukutana kwanza na kile kilichoingia mwisho. Nyumba nzima inanukia nazi, na nazi yenyewe ni robo tu ya ile ya zamani.

Chumvi ilinisumbua zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na chumvi iliyojificha kwenye mkate na samaki wa kukaushwa. Sisi tuna ng'onda na papa, na kwetu presha imetembea ukoo mzima. Ng'onda namloweka, namwaga maji, namloweka tena, na mboga inayokwenda naye haipati chumvi nyingine hata chembe. Ndimu na embe bichi hufanya kazi kubwa hapo. Sukari ya chai niliishusha taratibu mpaka ikaisha. Tangawizi, hiliki na mchaichai vinatosha, na sasa chai ya sukari nikipewa ugenini naona inaficha ladha ya majani.

Dona nalisaga kidogokidogo mashineni, kwa sababu halikai. Sembe huondolewa pumba na kiini cha hindi, ndiyo maana linakaa muda mrefu, na humo kwenye pumba na kiini ndimo mlimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Dagaa nawanunua Mgandini, samaki wabichi Deep Sea, hasa vibua, ambao bei yake mstaafu anaimudu. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo ni kalsiamu ambayo mwanamke wa umri wangu hawezi kuipuuza. Kila mlo wangu una kitu cha kujenga mwili. Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini, na ukifika uzeeni kasi huongezeka. Ukila ugali na mchuzi mtupu unaisaidia ipungue.

Sasa kanda. Ni za marehemu baba, aliyefanya kazi bandarini na kutumia sehemu ya mshahara wake kwa kaseti tupu na betri za redio. Alirekodi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe mtangazaji akianza kutaja wimbo, na alirekodi kwenye harusi za mtaani. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa muziki kwelikweli. Tulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wanamuziki ndugu wa Kinyonga walipitia hapa kabla ya kuvuka mpaka na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika huko Kenya mwaka 1971. Kwenye taarab, Black Star na baadaye Lucky Star walifanya jambo ambalo Unguja, yenye kikundi cha Ikhwani Safaa tangu 1905, hawakulizoea: kundi dogo, gitaa la umeme na besi, na mapigo yanayoinua watu vitini. Sauti ya Bi Shakila, aliyefariki 2016, ilipanda juu ya magitaa hayo bila kusukumwa. Nikiisikia bado nasimama na kisu mkononi, kitunguu kimesubiri.

Kabla ya kila kanda nasafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, na pamba hutoka na vumbi la kahawia, ambalo ni utepe wenyewe unaoisha. Naipeleka kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha, ilegee, maana imekaa imebana miaka na miaka. Halafu kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Mafundi wengi hawaigusi. Kichwa cha redio iliyorekodi na cha deki inayopiga mara nyingi havikulaliana sawasawa, na kutolingana huko kwa kiasi kidogo sana kunaifunika sauti yote. Naigeuza kwa bisibisi nyembamba, robo ya robo, huku nasikiliza marakasi. Yanaanza yakiwa mbali, yamezibwa, kisha ghafla yanafunguka, na herufi “s” zinarudi mdomoni mwa mwimbaji. Hapo ndipo nabonyeza kurekodi.

Nahifadhi kwa namna mbili. Faili kamili ya ubora wa sidii hula kama megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo kanda moja ya dakika 90 inakaribia gigabaiti nzima. FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, huibana mpaka karibu nusu bila kupoteza chochote, na hiyo ndiyo nakala ya kudumu, inayokaa kwenye diski. Ya simu naifanya MP3 ya kilobiti 320. Wapo wanaoweka kilobiti 128 ili nyimbo zijae nyingi kwenye kadi, na kwa mazungumzo inatosha, lakini kwa taarab naisikia hasara kwenye makofi na matoazi. Na kuna programu za kufuta mvumo wa kanda. Nimezijaribu na sizitumii. Zikifagia mvumo zinafagia na pumzi ya mwimbaji, na marakasi yanageuka kuwa mlio wa maji. Acha kanda ivume. Baba aliisikia hivyo.

Mjukuu wangu huniambia, “Bibi, si nyimbo zote ziko mtandaoni?” Ziko nyingi, na namshukuru kila aliyeziweka. Lakini bando likiisha hazipo, na nyingine huondolewa usiku mmoja bila kuulizwa mtu. Zangu ziko kwenye folda zangu, nimezipanga kwa bendi, mwaka nikiujua, na mahali ziliporekodiwa.

Folda ninayoifungua kuliko zote ni ya kutembea. Baada ya swala ya alfajiri natoka Ngamiani, navuka reli, nashika barabara ya Hospitali kuelekea Raskazone, bahari ikiwa kushoto na kisiwa cha Toten kikianza kuonekana. Sikio moja lina muziki, jingine liko wazi kwa ajili ya bodaboda. Nyimbo za dansi za miaka ya sabini na themanini zinafaa kwa mazoezi kuliko chochote kilichotengenezwa maksudi kwa mazoezi, na sababu iko kwenye umbo lake. Kwanza mashairi taratibu, gitaa la solo likijibizana na sauti. Kisha chemko, tumba zinaingia, magitaa yanazunguka, maneno yanapungua, na wimbo unakwenda hivyo dakika tatu nne. Mwanzo unautumia kupasha viungo, chemko likiingia miguu inajibu yenyewe, wimbo ukiisha unapumua, unaanza mwingine. Watafiti wanahesabu hatua kama 100 kwa dakika kuwa mwendo wa kutosha kumfaidisha mtu mzima, na pendekezo la kimataifa ni angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki. Kwa machemko ya bendi za Sikinde na Msondo hizo dakika zinapatikana bila kuangalia saa.

Taarab ni ya chakula cha usiku. Nala mapema, kabla ya isha, simu iko chumba kingine. Tumbo linachelewa kuupa ubongo habari kwamba limetosheka, inasemekana kama dakika 20, na anayekula mbio huongeza sahani ndani ya muda huo. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: nikimaliza sahani ya kwanza na bado naona njaa, nasikiliza nyimbo mbili mpaka mwisho, beti zote, viitikio vyote. Zikiisha nakiangalia chakula upya. Mara nyingi naishia kunywa maji na kumenya chungwa. Nikibaki na njaa, nakula, tena kwa raha. Sijui mizani ya jikoni inayonifaa kuliko hiyo.

Ramadhani ina mpangilio wake. Muziki nauzima mwezi mzima, na ulaji unahitaji macho zaidi, kwa sababu meza ya futari ina tambi, maandazi, vibibi, magimbi ya nazi na viazi vitamu vya nazi, vyote kwa pamoja, na vyote umepikiwa kwa mapenzi. Naanza na tende na uji wa ulezi, nasali magharibi, halafu narudi kuchagua vitu viwili tu. Jirani yangu ananijua, akiniletea bakuli hunitilia kidogo. Saa za mchana ambazo zingekuwa za kusikiliza nazitumia kurekebisha majina ya faili. Bendi moja nilikuta imeandikwa kwa tahajia nne tofauti, na kompyuta iliihesabu kuwa bendi nne.

Kazi ya majina ndiyo isiyokwisha. Baba aliandika kwa penseli kwenye karatasi ya kaseti, na penseli imefifia. Kanda nyingine hazina kitu zaidi ya “Harusi” na jina la barabara. Wimbo nisioujua nauita kwa maneno yake ya kwanza, kisha nautia kwenye flashi na kumpelekea mzee mmoja aliyewahi kupiga besi hapa mjini.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umeleta za nani?”

Hapendi nimwambie ninachodhani. Hufumba macho, husikiliza gitaa kabla ya mwimbaji, na mara nyingi mpigaji anamtambua kwanza kwa mkono wake, bendi inafuata, mwaka unafuata mwisho kwa kukumbuka nani alikuwa bado hajaoa. Akiwa hana hakika husema hana hakika, na mimi naandika hivyohivyo kwenye faili. Safari hii nina kanda ya harusi ya barabara ya kumi na mbili, upande wa pili, wanawake wanaimba kwa ngoma ya msondo na vigelegele, na mmoja ana sauti nzito ya chini ambayo hakuna niliyemuuliza anayeijua. Mzee naye amekwama. Ameniambia nimtafute dada yake Pangani, ambaye hakukosa harusi hata moja miaka hiyo, na mwisho wa mwezi nakwenda.

Nakala moja ya mkusanyiko wote iko hapa nyumbani, ya pili kwenye diski nyingine kabatini, ya tatu kwa binti yangu Dar es Salaam. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti za harusi za Tanga, za tangu enzi hizo, msizitupe na msizipige kwenye redio mbovu. Zisimamisheni wima ndani ya makasha yake, mahali pakavu, mbali na jua na spika kubwa. Nitakuja na deki yangu, bisibisi na pamba. Mnipe meza, umeme na dakika 90, na kama mna dagaa wa kuchambua, nitawasaidia.