Redi wa Calaveras: kuvua samaki wa bahari ziwani Texas

Ukikaa San Antonio, pwani ya karibu ni Corpus Christi, na kufika kwa gari ni zaidi ya saa mbili. Hata hivyo kusini-mashariki mwa jiji kuna maziwa mawili, Calaveras na Braunig, ambamo unaweza kumvua samaki wa Ghuba ya Meksiko bila kuiona bahari. Jina lake la kitaalamu ni Sciaenops ocellatus, ila wavuvi wa huku wanamwita redi. Ana rangi ya shaba, tumbo jeupe, na doa jeusi kwenye shina la mkia, wakati mwingine mawili au zaidi. Mdomo wake umeelekea chini, kwa hiyo chakula chake anakitafuta sakafuni. Hilo la mdomo likumbuke, linaamua mambo mengi huko mbele.

Hakufika ziwani mwenyewe. Idara ya wanyamapori ya jimbo humwaga vifaranga waliototoleshwa kwenye maji ya chumvi, kisha samaki hukulia humo. Kuishi kwenye maji matamu kunamwezekana kwa sababu hata baharini, akiwa mdogo, hukaa midomoni mwa mito ambako chumvi hupanda na kushuka. Kuzaa ndiko kunakomshinda: mayai yake yanahitaji chumvi ili yaelee, na kwenye maji ya ziwa yanazama na kufa. Kwa hiyo kila redi utakayemtoa pale alipandwa, na akiisha hakuna mtoto wa kushika nafasi yake.

Kitu cha pili kinachomshinda ni baridi. Calaveras na Braunig ni maziwa ya kupozea mitambo ya umeme: maji yanavutwa, yanapita mtamboni, yanarudi yakiwa na joto. Vitabu vyetu huyaita maji ya namna hii "maji baridi", na kwa hapa jina hilo ni kichekesho. Joto hilo ndilo linalomvusha redi majira ya baridi, hivyo mahali pa kumtafuta kuanzia Desemba hadi Februari panajulikana: mdomo wa mfereji unaorudisha maji ya mtambo, na ukingo ule ambapo maji ya moto yanakutana na ya kawaida. Usiende kwa mazoea lakini. Mtambo usipozalisha umeme, mfereji unakuwa dimbwi lililotulia, na samaki hutawanyika. Tazama kama maji yanasukuma kabla ya kutua mizigo. Kule Calaveras mtambo mmoja wa makaa, Deely, ulifungwa mwishoni mwa 2018, na mwaka huohuo ziwa la Fairfield, lililokuwa na sifa kubwa ya redi, lilipoteza joto lake mtambo wa Big Brown ulipozimwa. Ukikuta maelekezo ya zamani yanakutuma Fairfield, yapuuze.

Leseni kwanza. Ya mkazi wa Texas kwa maji yasiyo ya chumvi ni dola 30, ya asiye mkazi dola 58, na kinachohesabiwa ni makazi wala si uraia: ukishaishi Texas zaidi ya miezi 6 mfululizo, wewe ni mkazi. Leseni ya kawaida inakwisha Agosti 31 hata kama umeinunua Julai, kwa hiyo anayenunua katikati ya kiangazi anatupa pesa. Kuna ya siku moja kwa anayetaka kuonja tu, na mtoto chini ya miaka 17 haihitaji. Redi wa ziwani awe na inchi 20 au zaidi, na kwa siku unaruhusiwa 3. Hakuna urefu wa juu, tofauti na pwani ambako aliyezidi inchi 28 anahitaji tagi ya leseni. Mpime amelala ubaoni, mdomo umefungwa, mkia umebanwa. Watu hupigwa faini kwa robo inchi. Kanuni hutangazwa upya kila mwaka, basi zisome kila Septemba.

Sasa zana. Ufito wa futi 7 wenye ugumu wa wastani au zaidi kidogo unatosha, na rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, inayobeba mita 200 za uzi unaohimili paundi 20. Mpangilio wa kutegemewa ni chubwi linaloteleza, yaani kizito chenye tundu ambamo uzi unapita bila kushikana. Pitisha uzi mkuu kwenye chubwi la gramu 30 hadi 55, weka ushanga mmoja wa plastiki ili chubwi lisigonge fundo, funga swiveli, kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, kisha upande wa pili wa swiveli funga kipande cha uzi wa paundi 30, urefu wa sentimita 50 hivi, na mwishoni ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepindwa kuelekea ndani, namba 3/0 hadi 5/0. Chubwi linakaa chini. Redi akibeba chambo, uzi unapita ndani ya tundu naye hahisi uzito. Ukilifunga chubwi likashikana na uzi, ataonja, ahisi kitu kinavuta, ateme.

Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Uzi mkavu hujiunguza kwa msuguano na kukatika palepale fundoni, na mtu hubaki akilaumu kiwanda. Breki ya rili iwekwe theluthi moja ya nguvu ya uzi: kwa uzi wa paundi 20, vuta kwa mizani ya kuning'iniza mpaka iteleze kwenye paundi 6 au 7. Kukadiria kwa mkono hudanganya, karibu kila mtu hukaza kupita kiasi.

Chambo kinachochagua redi ni kamba wa mtoni aliye hai, au kipande cha tilapia. Kamba wa dukani aliyegandishwa anafanya kazi, ila kambare wa ziwa watamfikia kwanza, na utashinda unatoa kambare mmoja baada ya mwingine. Tilapia, ndugu wa sato wetu, wamejaa humo kwa sababu ya joto lilelile. Hapa ndipo mgeni kutoka kwetu anapoingia matatani: kumtia tilapia akiwa hai kwenye ndoo ni kosa kisheria Texas, kwani ni samaki wa kigeni. Akishakuwa wako, mkate kichwa au mtoe matumbo papo hapo. Kisha mkate vipande vya upana wa vidole viwili, acha ngozi, na upitishe ndoana mara moja tu kwenye ngozi huku ncha ikibaki wazi. Ncha ikifukiwa na nyama, ndoana ya duara haikamati.

Tupa karibu na mawe ya bwawa au kando ya mfereji, kaza uzi uondoe ulegevu, weka ufito kwenye kishikio na uufunge kwa kamba. Hilo la kamba si mapambo. Redi hadonoi kama perege. Anachukua na kuondoka, na ufito usiofungwa huruka majini kabla hujainuka kitini. Ukiona ncha imeinama na inaendelea kuinama, usitikise. Ndoana ya duara inahitaji samaki ageuke mwenyewe ili izunguke na kushika pembe ya mdomo. Inua ufito taratibu, anza kuzungusha rili. Anayevuta kwa kishindo anaichomoa, na hilo ndilo kosa la kwanza la waliozoea ndoana ya kawaida. Mwache akimbie mara ya kwanza na ya pili. Akifika karibu na mawe atajaribu kuusugua uzi, hapo ndipo uinue mkono juu.

Wenye boti hurambaza: wanakokota kijiko cha rangi ya fedha, yaani chambo bandia cha chuma, kwa mwendo wa kilomita 4 hadi 6 kwa saa, wakikishusha kwa tufe zito kwenye waya mpaka kina ambacho mashine inaonyesha samaki. Ni njia nzuri kiangazi, redi wanapoacha ukingo na kwenda kwenye kina. Kwa maoni yangu anayeanza asikodi boti. Ukingo wa Calaveras unatosha kumfundisha.

Ukiamua kumla, mkate mishipa ya shingoni akiwa hai, damu itoke, kisha mlaze kwenye barafu. Usimpasue minofu ukiwa bado majini: sheria inataka kichwa na mkia viwepo. Nyumbani, ondoa ule mstari mwekundu wa nyama chini ya ngozi ubavuni, ndio wenye shombo.

Aliyechoka na redi hupanda kaskazini hadi Texoma, kwenye mpaka wa Texas na Oklahoma. Samaki wa huko ni besi wa mistari, naye asili yake ni bahari, ila tabia zimepinduka. Yeye hupanda mitoni kuzaa, na mayai yake yanahitaji kubebwa na mkondo kwa karibu siku 2 yasizame. Mito ya Red na Washita ni mirefu kiasi hicho, hivyo anazaliana mwenyewe bila kupandwa. Na adui yake ni joto: mkubwa aliyevutwa kutoka kina kirefu mwezi Agosti, ukimrudisha, mara nyingi hufa hata akiondoka akiogelea. Miezi hiyo vua idadi yako na uache. Idadi ni 10 kwa siku, na kati yao 2 tu ndio waruhusiwe kufika inchi 20 au kuzidi. Leseni maalumu ya Texoma ya dola 12 inakubalika pande zote mbili za ziwa, na hukwisha Desemba 31.

Chambo chake ni shadi, kidagaa cha ziwani, naye ndiye anayewashinda wengi. Unamnasa kwa kimia, ambacho Texas hakiruhusiwi kuzidi futi 14 kwa kipenyo. Ukimtia kwenye ndoo ya kawaida hufa ndani ya dakika chache. Anahitaji tangi la mviringo lenye pampu ya hewa na maji yanayozunguka, maana kwenye tangi la pembe nne hujibana konani na kusugua pua mpaka inakuwa nyekundu, na mwenye pua nyekundu hatamaliza saa moja. Mchomeke ndoana puani, tundu hadi tundu, aendelee kuogelea. Waliobaki jioni usiwapeleke ziwa lingine. Chambo hai ulichonasa mwenyewe hutumika pale ulipokinasa tu. Na maji yote, ya boti, ya tangi na ya ndoo, yamwagwe kabla hujashika barabara, kwa sababu ndani yake husafiri vifaranga vya kome wa pundamilia, kome vamizi mwenye mistari, na sheria hiyo ni ya jimbo zima.