Mishumaa miwili na baba mmoja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naweka bido langu, dumu la maji, kwenye foleni ya bomba, naoga nusu ndoo. Kuanzia saa moja na nusu hadi saa saba nafundisha fizikia na kemia shuleni, na sauti inaishia huko.

Saa nane inaanza kazi ninayosemewa hapa Goma: marudio, yaani masomo ya ziada, sebuleni kwangu. Mtaani wanasema nauza majibu ya mtihani wa serikali.

Leo binti mmoja kauliza: kwa nini mbuzi alifia bondeni, na mchungaji aliyesimama karibu naye akapona? Mazuku, hewa mbaya ya mabondeni. Nikaweka mishumaa miwili ndani ya ndoo, mfupi na mrefu, nikamimina siki juu ya bikabonati. Mfupi ukazimika kwanza. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Inapenya kutoka ardhini, inatuama mabondeni, haina rangi wala harufu. Pua ya mbuzi iko chini. Mchungaji angeinama kumvuta, tungewazika wawili. Vijana kimya.

Hapo ndipo baba mmoja akaingia.

“Mwalimu, nalipia mtihani, wewe unawasha mishumaa kama matangani?”

“Karibu, papa. Kaa.”

Hakukaa. Anataka maswali ya miaka iliyopita na herufi za majibu, basi. Akahesabu gharama zote za nyumbani, akafika kwenye makala, makaa ya kupikia: maharagi yanamaliza gunia! Nikasema hilo nalo ni somo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko kule baharini, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ukichochea moto zaidi, maji hayazidi joto, yanakauka tu. Loweka maharagi usiku kucha, funika sufuria, punguza makala.

“Maji yakichemka yamechemka!”

Basi tukawasha mbabula, jiko la makala, tukateleka maji. Makala mabichi, moshi, vijana wanacheka, somo la umeme lililofuata limekufa. Kipimajoto kikapanda, kikagota 95. Akakisoma mwenyewe, mara mbili.

“Hiki ni kibovu,” akasema, akaondoka.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomaliza kusahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Miguu inauma, koo limekauka. Simu ikaita: ni yeye.

“Mwalimu, mama wa watoto anauliza, kuloweka ni kwa maji baridi?”

Baridi, papa. Pesa ya mwezi hakuigusia.