Risiti 23

Nilikuwa na miaka 22 nilipoiba dola 4,800 kwenye duka nililokuwa keshia. Sikusingiziwa, niliiba. Mahakama ya jimbo ikanipa kifungo cha nje cha miaka mitatu na fidia ya dola 200 kila mwezi. Nilipomaliza, rekodi ikafutwa, na wakili akaniambia, "Ukiulizwa, hujawahi kushtakiwa."

Miaka 11 baadaye nikapata kazi ya ufundi wa mitandao kwa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ilidai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Nikajaza SF-86, fomu ya kuomba kibali hicho, hadi sehemu ya 22, ya mambo ya polisi na mahakama. Makosa mengi huulizwa ya miaka 7 iliyopita tu, lakini kosa kubwa la jinai huulizwa la maisha yako yote, hata kama rekodi imefutwa. Maneno ya wakili yalinirudia, matamu kweli. Nikaandika yote. Mpelelezi alipokuja kunihoji, alikuwa tayari anajua.

Hata hivyo barua ya sababu ikaja, ile inayoeleza kwa nini huenda ukanyimwa kibali: Mwongozo J, kigezo cha mwenendo wa jinai. Siku 20 za kujibu. Mwongozo huo, toleo lililoanza kutumika Juni 2017, unaorodhesha dalili za mtu aliyejirekebisha: muda kupita bila kosa jingine, fidia, kutii masharti ya kifungo cha nje, masomo, rekodi nzuri ya kazi, mchango katika jamii. Majuto hayamo. Mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili za kujuta! Nikazichana, nikaanza kutafuta makaratasi.

Barua ya msimamizi wangu ndiyo iliyoniuma, kwa sababu ilibidi kwanza nimweleze nilichofanya. Sifa kutoka kwa mtu asiyejua kosa lako hazina uzito mbele ya jaji anayeamua kibali. Alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza tahajia ya jina langu la kati.

Siku ya shauri la kibali changu, wakili wa serikali alipanga risiti zangu za fidia mezani, akazihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Ziko 23. Ya Machi iko wapi?"

"Sikulipa. Nilikuwa nimeachishwa kazi. Tazama ya Aprili."

Ya Aprili ilikuwa ya dola 400. Aliishika muda mrefu kuliko zote.

Jaji naye hakuuliza sana habari za wizi. Alitaka kujua nani anazijua, maana siri unayoificha nyumbani ni kamba ambayo mtu mwingine anaweza kuivuta. Mke wangu? Anajua tangu uchumba. Mwanangu? Nilimwambia wiki iliyotangulia, tukiwa garini, macho yangu barabarani.

Shaka yoyote katika maamuzi haya huamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa, kwa hiyo sikutabiri chochote. Uamuzi ulikuja kwa maandishi baada ya miezi kadhaa. Nilipewa kibali. Wizi wenyewe ulielezwa kwa sentensi tatu. Machi na Aprili zilipewa aya nzima.