Nilivyotengeneza programu ya wageni wa Kirumba, na ukurasa nilioufuta usiku

Kila niliyemwambia kwamba natengeneza programu ya simu ya wageni wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, alikuwa na ushauri mfukoni. Weka ramani. Weka sehemu ya kuchati. Mmoja, tena msomi wa kompyuta anayeheshimika hapa mjini, alisisitiza kwamba bila kusajili watu sina programu, nina daftari. Huyo ndiye aliyenipotezea miezi minne, na bado nikimkumbuka nakereka.

Mwaloni Kirumba anayepajua anajua: dagaa na samaki wakavu wanapakiwa pale kwenda Kongo, Burundi, Kenya na kwingine. Wageni wengi hufuata mzigo wakarudi kwao, lakini wapo wanaopanga chumba, wakaleta na watoto. Nyumba tuliyopanga sisi, chumba cha mwisho alikaa mama mmoja kutoka Bukavu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na maneno ya udugu tukayasikia sana redioni, lakini koridoni kwetu yule mama alimaliza mwaka mzima akiitwa "yule Mkongo". Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwalika pia. Hilo ndilo lililoniuma hadi nikaanza kazi hii.

Toleo la kwanza lilifunguka na fomu: jina kamili, nchi, namba ya kitambulisho, mtaa. Nikangoja mbalamwezi nikalijaribu. (Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika na watu wana muda wa kukusikiliza. Ukitaka kuongea na watu wa mwaloni, tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda.) Nikawakalisha watu kumi na wawili kwenye benchi la mama yangu anapouza chai. Wa kwanza alijaza jina vizuri. Alipofika namba ya kitambulisho akasimama, akanirudishia simu kwa mikono miwili, "Asante dada," akaenda zake. Wa pili akaniuliza taratibu kama natumwa na Uhamiaji. Nikaapa sivyo. Akatabasamu, akaondoka. Kabla sijafika wa nne benchi lilikuwa tupu, na vikombe vimebaki na chai ya moto. Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, mgeni humuulizi jina kabla hujampa maji."

Na msidhani walikuwa na la kuficha. Yule wa pili alikuja baadaye kunionyesha kibali chake, kimegongwa muhuri na hakijaisha. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote na bado akaogopa fomu asiyojua inakwenda wapi.

Usiku uleule nikaufuta ukurasa ule. Sasa programu inafunguka kwa sauti ya mama mtu mzima: "Karibu. Leo unahitaji nini?" Chini kuna picha tano: soko, mwenyekiti wa mtaa, zahanati, shule, msiba. Haikuulizi jina popote.

Masomo ya Kiswahili niliyaondoa pia. Mtu wa Bukavu anasema Kiswahili tangu utotoni. Kumfundisha "hiki ni kiti" ni kumdharau. Badala yake nikaweka maneno ya pande zote mbili: yeye anasema sombe, sisi kisamvu, yeye lengalenga, sisi mchicha, yeye bugali, sisi ugali. Majirani zangu ndio waliokuwa wa kwanza kuusikiliza ukurasa huo, wakicheka na kujaribu. Nikaongeza na salamu za Kisukuma, mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya baadaye, na wabeja ya kushukuru. Bibi wa mbogamboga akiamkiwa mwangaluka na mgeni, fungu linaongezwa bila kuombwa.

Kusambaza ndiko ninakojivunia zaidi. Nani atamaliza bando lake kupakua kitu asichokijua? Pale karibu na mwalo kuna kijana anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi, na Wakongo hawakosi kwake wakitafuta muziki wa kwao. Nikakubaliana naye: kila anayenunua nyimbo arushiwe programu yangu pia, mimi nampa mia mbili kwa simu. Ile ruhusa ya kusakinisha kutoka vyanzo visivyojulikana, ambayo ingewatoa jasho wengi, anaibonyeza yeye mwenyewe. Sauti nikazihifadhi kwa mono badala ya stereo, uzito ukashuka karibu nusu. Kwa jumla nimetumia kama laki tatu na ushee, nyingi kwa nauli, soda za waliorekodi, na huyo kijana.

Kitufe kinachobonyezwa kuliko vyote ni msiba. Sikukitegemea. Kinaeleza kwamba hapa kwetu hungoji mwaliko wa msiba. Ukisikia kilio unakwenda, hata kama marehemu humjui. Mwanamke ajifunge khanga aingie jikoni, mwanaume akae nje na wenzake, rambirambi iandikwe daftarini hata ikiwa elfu moja. Alipofariki mzee wa nyumba ya jirani, yule mama wa Bukavu alikuwa ameshasikiliza. Alifika kabla ya jua kuchomoza, akaosha masufuria siku tatu, usiku akalala kwenye mkeka na wengine. Siku ya nne mwenye msiba alikuja mwenyewe mlangoni kwake kumshukuru, na kumuuliza mwanawe wa kwanza anaitwa nani. Tangu hapo anaitwa kwa jina la huyo mwanawe, mtaa mzima, na kikundi cha kufa na kuzikana kimemwandika.

Mwezi uliopita alinigongea jioni. "Dada, kwenye msiba umesahau kuni. Mtu asije mikono mitupu, aje na kuni au ndoo ya maji." Kweli, nilikuwa nimesahau. Nimeurekodi upya ukurasa ule, na safari hii sauti ni yake.