Sakafu chini ya nyasi: nilivyopanda miti kwenye udongo wa chokaa

Miche 80 ilikufa ndani ya miezi minne, na aliyetia saini kuipokea ni mimi. Nilikuwa mwalimu mgeni katika shule ya msingi upande wa tambarare za Salei, wilayani Ngorongoro, mahali ambapo ukisimama mlangoni mwa darasa unauona mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai umekaa peke yake kama kichuguu. Mradi mmoja ulituletea migrevilea na michungwa, na Mkuu akanikabidhi mimi kwa sababu natoka Tukuyu. "Nyie si ndio wakulima?" Ni kweli. Kwetu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kigingi cha kufungia mbuzi ukikisahau wiki mbili kinachipua. Nikachimba mashimo ya futi moja, nikamwagilia, nikangoja.

Kosa langu sikuligundulia kwenye miti. Niligundulia kwenye choo.

Shule ilikuwa inachimba shimo jipya. Vijana walianza kwa raha, maana udongo wa juu ni wa kijivu na mwepesi, ukiupiga sepetu unapuliza vumbi kama jivu la jikoni. Walipofika kina cha magoti wakaanza kukutana na vijiwe vyeupe, vidogo kama njugu. Halafu sululu ikagonga ikarudi. Wakagonga tena, ikarudi. Nikashuka mwenyewe kuangalia. Chini palikuwa na kitu kama sakafu ya saruji, nyeupe iliyochafuka, imelala shimo zima. Kilichonishangaza zaidi ni ukuta wa shimo. Mizizi ya nyasi ilishuka wima vizuri, ikafika juu ya ile sakafu, ikakunja na kutambaa pembeni, imesukana kama mkeka. Nikatoka, nikaenda kung'oa mchungwa mmoja uliokauka. Pale sakafu ilikuwa karibu zaidi, kama mkono mmoja kutoka juu. Mzizi mkuu ulikuwa umepinda kama kiwiko.

Jioni ile nilichukua bonge moja la ile sakafu na bonge la udongo mkavu wa juu, nikaviweka kwenye ndoo mbili za maji. Asubuhi udongo ulikuwa tope. Bonge jeupe lilikuwa vilevile, unaweza kumrushia mbwa. Nikalikamulia ndimu. Likatoa povu, na ukisogeza sikio unasikia likichacha kama soda iliyofunguliwa. Udongo wa juu nao ulitoa povu, ila hafifu. Basi nikajua ni chokaa, na kwamba si chokaa ya chini peke yake. Hata tunapokanyaga ipo.

Bwana shamba wa kata ndiye aliyenipa sababu, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha pikipiki yake kwa kuwa kingine hakikuwapo. Majivu ya Lengai si kama ya milima mingine. Lava yake imejaa kaboneti, yaani madini ya jamii ya chokaa na magadi, inatoka nyeusi na baada ya muda mfupi inageuka nyeupe, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo leo. Majivu yalianguka huku tangu zamani sana, na mara ya mwisho kwa wingi ilikuwa 2007 na 2008. Mvua ikinyesha inayeyusha chokaa na kushuka nayo. Lakini mvua ya huku ni chache, inashuka kidogo tu, kisha jua na nyasi vinayanyonya maji na chokaa inabaki palepale yalipoishia. Mwaka huu kidogo, mwakani kidogo, kwa maelfu ya miaka, mpaka chembe zinashikana. Hapo nikaielewa Tukuyu pia. Nasi tuna udongo wa volkano, ila mvua zetu zimeishakosha chokaa yote, ndiyo maana chai inastawi kule.

Sasa nipande nini, na wapi? Jibu lilitoka kwa mzee mmoja ambaye wajukuu wake nawafundisha. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya miche. Akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, umewahi kuona mgunga katikati ya tambarare?"

"Hapana, mzee. Iko kwenye makorongo."

"Unadhani inapenda korongo?"

Nilidhani ni kwa sababu ya maji. Alinipeleka. Kwenye ukingo wa korongo ile sakafu nyeupe inaonekana imekatika, imening'inia kama kipande cha paa, na chini yake udongo ni laini hata kwa kidole. Migunga, Wamaasai wanaiita oltepesi, ilikuwa imeshusha mizizi hapohapo ilipokatika. Mzee akagonga ukingo kwa fimbo. "Mfuniko umetoboka."

Kwa hiyo tukatoboa. Sikujaribu tena miti 80. Nilichagua mashimo 24, nyuma ya madarasa tu. Kila shimo lilikuwa na upana wa hatua moja, tukichimba hadi kwenye sakafu, kisha katikati tunapiga mtaimbo na tindo mpaka upite. Sehemu nyingi ilikuwa nene kama shubiri moja na nusu. Vijana wawili wenye nguvu walimaliza mashimo mawili kwa siku, siku ya tatu wakaniomba nyongeza ya sukari na majani ya chai, nikawapa.

Kabla ya kupanda nilitaka kuhakikisha. Nikamwaga ndoo mbili kwenye shimo lililotobolewa na mbili kwenye lisilotobolewa. Asubuhi la kwanza lilikuwa kavu, la pili nyuki walikuwa wanakunywa. Huo ndio ubaya wa sakafu hii: masika mizizi inalowa hadi inaoza, kiangazi inakauka kwa sababu haina pa kwenda.

Mawe tuliyovunja hatukuyarudisha shimoni. Tuliyapanga upande wa mteremko yazuie maji, na shimo tukalijaza udongo wa juu na samadi ya zamani kutoka kwenye boma, ambayo huku hununui. Nikapanda migunga na mwarobaini, nikazungushia miiba. Maji ya kumwagilia yalikuwa yale waliyonawia watoto mchana.

Michungwa nilijaribu miwili tena, kwa ubishi tu. Ilipona kiu lakini majani mapya yakatoka ya njano, mishipa ikabaki kijani. Nikaweka mbolea ya urea, hakuna kitu. Chuma kimo udongoni, bwana shamba akasema, ila chokaa imekifungia, mti hauwezi kukichukua.

Usidhani hii ni ardhi maskini. Nyasi zake ni fupi, hazifiki kifundoni, lakini zina kalisi na fosforasi nyingi, na ndiyo maana nyumbu huja kuzalia kwenye tambarare hizi za majivu kati ya Januari na Machi. Miezi hiyo wafugaji wanaondoa ng'ombe, kwa kuwa ndama wa nyumbu huacha ugonjwa unaoua ng'ombe. Mzee yule aliniambia waziwazi kwamba haoni sababu ya kupanda miti. Nilimjibu ni kwa ajili ya kivuli cha watoto, akakubali kivuli.

Kati ya mashimo 24, miti 17 iko hai mwaka wa tatu huu. Mitano ililiwa na mbuzi. Michungwa miwili ilikuwa imebaki kama vijiti. Mmoja nikautupa, mwingine nikauhamishia kwenye ndoo iliyotoboka, mlangoni kwangu. Udongo wake mwekundu niliubeba kwenye kiroba kutoka Karatu, na kondakta akanitoza nauli ya mzigo.